Nomino za Kiingereza na wingi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwenye darasa langu la jioni, Kamalondo. Wanaokuja ni makarani wa usafirishaji, madereva wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akina mama wanaofuata bidhaa Zambia, na vijana wa chuo kikuu. Karibu wote wamesomeshwa kwa Kifaransa, na nyumbani wanasema Kiswahili chetu cha hapa. Nawaambia tangu siku ya kwanza: katika jambo hili la wingi, Kiswahili mara nyingi kitakubeba. Kinachotuponza ni Kifaransa.

Mwalimu, nianzie wapi? Si ni kuongeza "s" tu?

Ingekuwa "s" tu, darasa lingekwisha siku hiyohiyo. Kabla ya kuuliza wingi wa neno, uliza kwanza: kitu hiki Mwingereza anakihesabu, au hakihesabu? "Book" anakihesabu: "one book, two books". "Water" hahesabu. Neno lisilohesabika halipokei "s", halipokei "a" mbele yake, na kitenzi chake ni cha umoja: "The water is cold."

Hapo usitafsiri. Kwetu maji yamemwagika, maziwa yameganda, mafuta yamepanda bei. Yote yanavaa wingi, ingawa hakuna aliyewahi kuona "ziwa" moja la kunywa. Kwa Mwingereza hayo yote ni umoja: "The milk is", "The oil is".

Nomino ziko za aina ngapi?

Vitabu vya shule vinataja nomino za pekee, za kawaida, za makundi, za vitu kama maji na shaba, na za dhahania kama upendo. Zijue kwa ajili ya mtihani. Kwa barua unayoandika kesho kazini, mgawanyo wenye faida ni ule wa kuhesabika na kutohesabika. Nomino za pekee huanza na herufi kubwa, na humo kuna siku na miezi: "Monday", "July". Kifaransa huandika siku na miezi kwa herufi ndogo, ndiyo maana barua nyingi za hapa zina "monday" yenye kichwa kidogo.

Kwa nini kila mara unanikatia "informations"? Kwa Kifaransa ni sahihi.

Kwa Kifaransa, ndiyo. Kwa Kiingereza "information" ni kama maji. Unaweza kuwa nayo kidogo au nyingi, lakini huwezi kuwa nayo mbili. Ndugu zake ni hawa: "advice", "luggage", "furniture", "equipment", "homework", "progress", "research", "evidence", "transport". Kifaransa huyapa karibu yote wingi bila shida, na mkono wako umezoea. Andika orodha hiyo kwenye karatasi, ibandike mahali unapofanyia kazi. Nimeona watu wenye Kiingereza kizuri kabisa wakiangushwa na "equipments".

Mimi mwenyewe niliangushwa na kosa dogo zaidi. Nilipokuwa kijana niliomba kazi kwenye kampuni moja ya madini, nikaandika kwenye barua: "I have many experiences in transports." Siku ya mahojiano, mzungu mmoja akaegemea kiti, akasema kwa upole: "Tell me about your experiences." Nikaanza kumtajia miaka niliyofanya kazi na aina za malori. Akawa ananitazama kama mtu anayesubiri hadithi ianze. Nilikuja kuelewa baadaye sana: "experience" bila "s" ni uzoefu wa kazi, "experiences" ni mambo yaliyokupata, visa na mikasa. Alikuwa anangoja nimsimulie simba aliyetoka porini. Kazi sikuipata, ingawa sidhani ni "s" peke yake iliyoninyima.

Sasa vitu visivyohesabika nitavihesabuje?

Hesabu chombo, usihesabu kilichomo. Mama anayefuata unga Kasumbalesa anajua hili bila kusoma. Hasemi "nipe unga tatu", anasema mifuko mitatu. Kiingereza vilevile: "three bags of mealie meal". "S" inakaa kwenye mfuko, unga unabaki ulivyo. Kwenye mfuko wa kilo 25 utaona maandishi "breakfast" au "roller". Hayo ni majina ya namna ulivyosagwa, na "breakfast" ndio mweupe zaidi. Usidhani ni chakula cha asubuhi tu. Bukari ya jioni, yaani ugali, inapikwa kwa huohuo.

Kwa mengine kuna neno la kusaidia, "piece": "a piece of advice", "two pieces of luggage", "several pieces of equipment". Sabuni ni "a bar of soap", mkate ni "a loaf of bread", maji ni "a bottle" au "a glass".

Kuna neno linalohesabika leo na kesho halihesabiki?

Yako mengi, na haya ndiyo ninayoyapenda. "Iron" ni chuma, hakihesabiki. "An iron" ni pasi, na pasi mbili ni "two irons". "Glass" ni kioo, "a glass" ni gilasi ya kunywea, "glasses" ni gilasi nyingi au miwani. "Paper" ni karatasi, "papers" ni hati zako, zile anazokuomba askari barabarani.

"Chicken" ni nyama ya kuku. "A chicken" ni kuku mzima. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba Jumapili alikula "a chicken", na darasa zima likamwonea huruma yule kuku.

"Hair" inatutega pande zote mbili. Sisi tunasema nywele zake ni ndefu, Kifaransa nacho kinasema kwa wingi, lakini Mwingereza anasema "Her hair is long." Zinahesabiwa pale tu zinapoonekana mojamoja, kwa mfano ukiukuta unywele kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo: "There is a hair in my food." Ukikuta mbili, "two hairs", na unabadilisha mgahawa.

Nimeambiwa "s" inaweza kubadili maana kabisa. Ni kweli?

Kweli, na kwa watu wa usafirishaji ni hatari. "Good" ni zuri, "goods" ni bidhaa. "Custom" ni desturi, "customs" ni forodha. Lakini linaloumiza ni "damage". Mzigo umeharibika njiani: "There is damage to the cargo." Ukiandika "damages", msomaji mwenye mazoea ya sheria ataona fidia inayolipwa kwa amri ya mahakama. Karani ametaka kusema "lori lina uharibifu", na maandishi yake yananukia kesi.

Lini naandika "es", lini "ies", lini "ves"?

Neno likiishia "s", "x", "z", "ch" au "sh", weka "es": "bus, buses", "box, boxes", "church, churches". Likiishia "y" yenye konsonanti kabla yake, "y" inageuka: "city, cities", "company, companies". Kabla yake kukiwa na vokali, haiguswi: "boy, boys", "day, days". Majina ya watu hayaguswi pia: akina Mary wawili ni "two Marys".

Yanayoishia "o" hayana sheria ya kuaminika. Nyanya na viazi ni "tomatoes" na "potatoes", shujaa ni "heroes". Lakini "photos", "radios", "videos", "kilos", "pianos". Maembe yanakubali zote mbili, "mangos" na "mangoes". Ukishindwa, jiulize kama neno ni kifupisho, kama "photo" na "kilo", au kama kuna vokali kabla ya "o", kama "radio". Hayo huchukua "s" tu.

Kwa "f" ninawapa kisa. Mwizi ameingia kwa mke wako, akachukua kisu kwenye rafu, akakata mkate nusu. Watu wote na vitu vyote vya kisa hicho vinageuka: "thieves, wives, knives, shelves, loaves, halves". Kisha anakuja chifu na ushahidi, anasimama chini ya paa. Hao hawageuki: "chiefs", "proofs", "roofs". Nje ya nyumba kuna majani, mbwamwitu na ndama, nao wanageuka: "leaves, wolves, calves". Ongeza "lives", maisha. Wengine huuliza mbona mwizi wangu ana kazi nyingi hivyo. Anawasaidia kufaulu, muacheni.

"S" ya mwisho inatamkwaje?

Kwanza itamkwe! Kwa Kifaransa "s" ya wingi inaandikwa na haisikiki. Sikio linajua ni wingi kwa sababu ya neno dogo la mbele. Kwa hiyo mtu wa hapa ataandika "two trucks" vizuri kabisa, halafu akisimama mpakani atasema "two truck". Afisa wa Zambia anasikia lori moja na nusu.

Kuna sauti tatu. Baada ya sauti kama "p", "t", "k", "f" ni "s" kavu: "trucks", "shops". Baada ya sauti nyingine nyingi, pamoja na vokali, ni "z": "bags", "drivers", "cars". Baada ya "s", "z", "sh", "ch" na "j" inaongezeka silabi nzima, "iz": "buses", "boxes", "bridges". Tabia yetu ya kufunga kila neno kwa vokali inatutia "bagizi" na "truckisi" mdomoni. Silabi ya ziada ni ya kundi la tatu peke yake.

Na "woman" na "women": maandishi yanabadilika kwenye silabi ya pili, lakini masikio yanasikia badiliko kwenye ya kwanza, "wu" inakuwa "wi". Nani alipanga hivyo, sijui la kumwambia.

"Men", "feet", "children", "oxen": haya yalitoka wapi?

Ni masalia. Kiingereza cha zamani, kabla Wanormani hawajavamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na njia kadhaa za kuunda wingi, na "s" ilikuwa njia mojawapo tu. Polepole "s" ikameza nyingine, ila maneno yanayotumika kila siku nyumbani yaligoma.

Kundi la kwanza hubadilisha vokali ya ndani: "man, men", "woman, women", "foot, feet", "tooth, teeth", "goose, geese", "mouse, mice", "louse, lice". Zamani sana kulikuwa na kiambishi chenye sauti ya "i" mwishoni. Ulimi ukawa unajiandaa mapema kwa hiyo "i", ukaivuta vokali iliyotangulia. Kiambishi kikafa, badiliko likabaki. "Book" nalo lilikuwa kwenye kundi hilo. Wingi wake wa kale uliandikwa "bec". Lingeshikilia, pengine leo tungekuwa tunasoma "beech".

Kundi la pili ni la "n": "ox, oxen". Na "children" lina wingi mara mbili. Kwanza liliwekewa "r", watu wakaacha kuisikia kama wingi, wakabandika "en" juu yake. Usicheke, maneno hupigwa viraka hata kwetu.

Kuna maneno yasiyobadilika kabisa?

Hapa Kiswahili kinakushika mkono. Sisi tunasema kondoo mmoja, kondoo kumi; samaki mmoja, samaki kumi. Waingereza nao: "one sheep, ten sheep", "one fish, ten fish". Wanyama walewale! Tunajua idadi kwa vinavyofuata: kondoo amelala, kondoo wamelala. Wao pia: "The sheep is sleeping", "The sheep are sleeping".

Lakini usipitilize. Mbuzi wa michopo, nyama yetu ya kuchoma, ni "goat" na "goats", anabadilika. Ng'ombe ni "cow" na "cows", na kundi lao ni "cattle", ambalo siku zote ni wingi: "The cattle are". "Fishes" lipo, hutumika hasa ukitaja aina mbalimbali za samaki. Ongeza hapo "aircraft", "series", "species" na "means". Ndege mbili zikitua Luano ni "two aircraft", bila "s".

Kwa nini suruali moja ni "trousers"?

Kwa sababu ina miguu miwili, ndivyo wanavyoona. "Trousers", "jeans", "shorts", "scissors", "glasses" za macho: vyote ni wingi hata kikiwa kimoja. "My trousers are dirty." Ukitaka kuhesabu, tumia "pair": "two pairs of trousers". Mfaransa anasema suruali kwa umoja, nasi pia. Kwa hiyo hapa hakuna wa kukusaidia, kariri.

"News" ina "s". Mbona unasema ni umoja?

"S" nyingine ni nguo ya kuazima tu. "The news is good." "Mathematics is difficult." "Physics", "economics", hivyohivyo. Upande wa pili kuna "police" na "people", hazina "s" na ni wingi: "The police are coming." Kwa Kifaransa polisi ni umoja, ndiyo sababu ya kosa. "Persons" utaliona kwenye maandishi rasmi, kwa mfano idadi ya watu wanaoruhusiwa ndani ya lifti. Kwenye mazungumzo sema "people". Na "peoples" ni mataifa au makabila, si watu wengi sana.

Mazembe "is" au Mazembe "are"?

Inategemea unamwiga nani. Waandishi wa michezo wa Uingereza huiona timu kama watu: "Mazembe were in the final in 2010." Wamarekani huiona kama kitu kimoja: "Mazembe was in the final." Zote zinasema jambo moja, lile la fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter. Matokeo hatuyajadili darasani. Mimi nawaambia waandike kwa umoja kwenye barua za kazi na wasichanganye njia mbili ndani ya ukurasa mmoja. "Staff", "team", "family", "committee" huenda hivyohivyo.

Kwenye fedha na uzito nakosea kila mara. Kanuni ni ipi?

"Two hundred dollars", "three thousand francs", "five million". Ikiwa kuna namba kamili mbele, "hundred", "thousand" na "million" hazipokei "s". "Hundreds of people" ni mamia bila hesabu. Kwacha haibadiliki: "one kwacha, one hundred kwacha". Rand nayo mara nyingi hubaki "rand". Dola na faranga hubadilika.

Kipimo kikisimama mbele ya nomino kama sifa yake, "s" hudondoka: lori linabeba "thirty tonnes", lakini lenyewe ni "a thirty-tonne truck". Mkataba wa miaka mitano ni "a five-year contract".

Kivumishi nacho kipewe "s"?

Hapana, hata siku moja. Sisi tunabadilisha kila kitu, "vitabu vyangu vizuri vimepotea", na mtaani tunasema "bitabu" na vingine vyote vinafuata. Kifaransa pia kinaandika "s" kwenye kivumishi. Kiingereza kinabadilisha nomino, basi: "good books", "new drivers". Ukiandika "goods books" umesema vitabu vya bidhaa. Vinavyobadilika ni "this" kuwa "these", "that" kuwa "those", na kitenzi.

"Criteria" na "data" ni umoja au wingi?

"Criteria" ni wingi wa "criterion", "phenomena" ni wingi wa "phenomenon", "bacteria" wa "bacterium". Yametoka Kigiriki na Kilatini na wingi wao wa kwao. "Crisis" huwa "crises", "analysis" huwa "analyses". "Data" ni wingi wa "datum", lakini siku hizi wengi huitumia kama maji: "The data is". Kwenye tasnifu, fuata anachotaka mwalimu wako.

Akina mama mkwe wawili?

"Mothers-in-law". "S" inamfuata mama, haifuati sheria. Wapita njia ni "passers-by".

Niweke alama ya juu kabla ya "s"?

Kwa wingi, usiweke. "Tomato's" ni kitu cha nyanya, si nyanya nyingi. Hata Uingereza wauza mboga hukosea hivyo kwenye vibao vyao, mpaka kosa lenyewe limepewa jina lao.

Nikiwa peke yangu bila mwalimu, nitajuaje neno linahesabika?

Fungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, si ile ya tafsiri ya Kifaransa. Kando ya nomino utaona herufi C au U. C inahesabika, U haihesabiki, na zikiwepo zote mbili soma mifano, maana hapo ndipo pasi na chuma hutengana.

Na maneno yetu waliyoyachukua, wanayapa "s"?

Wanayapa. Safari kwao ni "safaris". Ni haki yao, maana sisi tulifanya vilevile. Waarabu walitupa "kitab", ambalo "ki" yake ni sehemu ya mzizi. Tukaifanya kiambishi, tukazaa "vitabu". Wabantu wa pwani walisikia "mudguard" ya gari, wakasema madigadi, kisha wakaona kwamba "ma" lazima iwe wingi, basi moja likaitwa digadi. Waingereza nao zamani walikuwa na neno "pease" kwa njegere, bila wazo la wingi. Wakasikia "s" mwishoni, wakadhani ni nyingi, wakaikata na kupata "pea" moja, ambayo haikuwahi kuwepo.

Ukivuka na vitenge, mwambie mteja "two kitenges", ataelewa. Upande wa Zambia wanasema "chitenges".